Montreal, Mji Unaobishana kwa Lugha Mbili

Mwaka 2017 Bunge la jimbo la Quebec, Kanada, lilikaa likajadili salamu. Si bajeti wala barabara, bali salamu ya muuza duka. Wafanyabiashara wa Montreal wana mazoea ya kumpokea mteja kwa “Bonjour-Hi”, Kifaransa na Kiingereza kwa pumzi moja, ili mteja achague mwenyewe aitikie upande gani. Wabunge waliona salamu hiyo ina nusu ya ziada. Wakapitisha azimio la kuwaomba wauzaji waseme “Bonjour” peke yake, kwa bashasha, na hakuna mbunge aliyepinga. Azimio halikuwa sheria, kwa hiyo hakuna aliyetozwa faini, na ukiingia leo duka la viatu mtaa wa Sainte-Catherine yaelekea utapokewa na salamu ile ile yenye vichwa viwili.

Ipo miji yenye lugha nyingi inayojisifu kwamba haina ugomvi. Ukichunguza, mara nyingi utakuta lugha moja imeshashinda zamani na nyingine zimebaki kwa ajili ya ngoma na watalii. Montreal haijisifu hivyo. Inabishana mahakamani, bungeni, kwenye baa na mezani mwa chakula cha jioni, na mimi naipenda kwa sababu hiyo hiyo.

Kwanza uijue ilivyokaa. Montreal ni kisiwa, jambo ambalo hata wakazi wake hulisahau mpaka foleni ya magari iwakwamishe juu ya daraja. Mto Saint-Laurent unapita kusini, mpana na wenye haraka, na katikati ya mji umesimama Mont Royal, mlima wa mita 233. Mtu wa Moshi atacheka kusikia huo unaitwa mlima, lakini asicheke mbele ya wenyeji. Kileleni pana msalaba wa chuma uliojengwa mwaka 1924, unaowashwa taa usiku, kumbukumbu kwamba mji huu ulianzishwa mwaka 1642 na Wakatoliki wa Ufaransa, Paul de Chomedey de Maisonneuve na Jeanne Mance, waliotaka kujenga makazi ya Bikira Maria katikati ya msitu. Waingereza waliuteka mwaka 1760. Tangu hapo mji umekuwa na wenyewe wawili, na kila mmoja anamhesabu mwenzake kuwa mgeni.

Mpaka wao una jina: barabara ya Saint-Laurent, inayoanzia bandarini na kukikata kisiwa kuelekea kaskazini. Namba za nyumba huanzia hapo, moja upande wa mashariki na moja upande wa magharibi. Kwa desturi ya zamani, Kifaransa kilikaa mashariki na Kiingereza magharibi, pamoja na mabenki na majumba ya matajiri kwenye mteremko wa mlima. (Niliposema “kaskazini” ni kaskazini ya Montreal. Wenyeji wameufuata mto badala ya dira, na jioni za kiangazi utaona jua likizama upande wanaouita kaskazini bila mtu yeyote kushtuka.)

Waliokuja baadaye hawakuwa wa huku wala wa kule, wakajipanga juu ya mpaka wenyewe. Panda Saint-Laurent kwa miguu, ndiyo matembezi bora mjini. Utaanza na geti jekundu la mtaa wa Wachina, upite mahali walipokaa Wayahudi wa Ulaya Mashariki waliokimbia mateso, na ambako mgahawa wa Schwartz’s unauza nyama ya kufukizwa moshi tangu mwaka 1928. Ufike kwa Wareno na kuku wao wa mkaa, uendelee mpaka mtaa wa Waitaliano na soko la Jean-Talon. Humo wakulima wa Quebec humwaga nyanya na mahindi mwezi Agosti, na bibi wa Kiitaliano hupinga bei kwa Kifaransa chenye lafudhi ambayo nusu karne haijaifuta.

Ukitoka kidogo nje ya barabara hiyo, kuna maduka mawili ya begeli, ule mkate wa duara wenye tundu ulioletwa na Wayahudi. Moja liko mtaa wa Fairmount, lingine Saint-Viateur. Yanafanya kazi usiku na mchana. Nililoingia mimi halina meza wala kiti. Mwokaji amesimama mbele ya tanuri la kuni, amevaa fulana huku nje theluji ikianguka. Anakata unga, anauviringisha mkononi na kuuziba kwa kofi moja, kisha mwenzake anavitosa vile viduara kwenye maji ya moto yenye asali. Vikitoka huko hugaragazwa kwenye ufuta na kupangwa juu ya ubao mwembamba, mrefu kuliko mtu, unaoingizwa tanurini na kurudi mtupu. Wale vijana hawakuwa Wayahudi. Walikuwa wakitaniana kwa lugha niliyodhani ni ya Sri Lanka, wakimjibu mteja wa kwanza kwa Kifaransa na wa pili kwa Kiingereza bila kuinua macho. Begeli yenyewe ni ndogo, tamu kidogo, imeungua mahali fulani, na hailiwi ikiwa imepoa. Mji una kambi mbili kuhusu duka lipi ni bora. Mimi ni wa Saint-Viateur, na sitatoa sababu.

Sasa turudi kwenye ugomvi, maana bila kuujua utaona vibao tu. Kwa miaka mingi, Montreal ulikuwa mji wa Wafaransa wengi wenye mabosi Waingereza. Tume ya kifalme iliyoundwa mwaka 1963 kuchunguza lugha mbili za Kanada iligundua kwamba ndani ya Quebec kwenyewe, wenye asili ya Kifaransa walikuwa karibu na mkia wa orodha ya vipato, wakiwapita Waitaliano na wenyeji wa asili tu. Mfanyakazi wa duka kubwa la katikati ya mji angeweza kumwambia mteja wa lugha yake mwenyewe kwamba hasikii Kifaransa. Watu walioishi chini ya ukoloni hawahitaji kuelezwa hilo lina ladha gani.

Hasira ilitoka kwanza kwenye michezo. Mwezi Machi mwaka 1955, Maurice Richard, mfungaji hodari wa timu ya hoki ya barafuni ya Canadiens, alifungiwa na mkuu wa ligi, Clarence Campbell, baada ya kumpiga mwamuzi. Campbell akathubutu kuja uwanjani siku iliyofuata. Alirushiwa nyanya na mayai, bomu la machozi likalipuka ndani, na watu wakamiminika Sainte-Catherine kuvunja vioo. Miaka mitano baadaye serikali ya Jean Lesage iliingia madarakani na kuanza yale yanayoitwa Mapinduzi ya Kimya: umeme ukataifishwa, shule na hospitali zikatolewa mikononi mwa Kanisa. Mwaka 1967, wakati Montreal ikipokea wageni milioni hamsini kwenye maonyesho ya dunia, Jenerali de Gaulle alisimama kwenye roshani ya jengo la halmashauri ya jiji akaitakia Quebec uhuru mbele ya umati. Serikali ya Kanada ilikasirika, naye akakatiza ziara akarudi kwao. Roshani bado ipo. Kila kiongozi wa watalii husimama chini yake, na kwa sauti yake utajua yuko kambi gani.

Lakini vita vya lugha vyenyewe viliwaka shuleni. Katika kitongoji cha Saint-Léonard, mwishoni mwa miaka ya 1960, wazazi wa Kiitaliano walitaka watoto wao wasome kwa Kiingereza, lugha ya ajira. Bodi ya shule ikasema Kifaransa. Watu wakapigana barabarani mwaka 1969. Serikali ikajaribu sheria moja, ikajaribu ya pili, hakuna aliyeridhika. Kisha tarehe 15 Novemba 1976 chama cha Parti Québécois cha René Lévesque kikashinda uchaguzi, na waziri wake Camille Laurin, daktari wa magonjwa ya akili (wapinzani wake hawakuiacha nafasi hiyo ipite bure), akaandika Sheria ya 101, iliyopitishwa Agosti 1977. Kifaransa kikawa lugha ya kazi, ya biashara na ya vibao, na mtoto wa mhamiaji akapelekwa shule ya Kifaransa apende asipende.

Gharama yake ilikuwa kubwa. Maelfu kwa maelfu ya wasemaji wa Kiingereza walifungasha. Mapema mwaka 1978 kampuni ya bima ya Sun Life, yenye jumba kubwa katikati ya mji, ilitangaza kuhamishia makao yake makuu Toronto, na haikuwa peke yake. Toronto ikawa mji mkubwa wa Kanada, Montreal ikabaki na nyumba za kupanga za bei nafuu. Wasanii wengi watakuambia hiyo ndiyo iliyouokoa mji. Ajuza wa Kiingereza aliyebaki kitongoji cha Westmount, ambaye wajukuu wake wote wako Ontario, hatakuambia hivyo, na sioni haki ya kumbishia.

Mara mbili Quebec ikaulizwa kama inataka kujitenga na Kanada. Mwaka 1980 ilikataa kwa karibu asilimia 60. Tarehe 30 Oktoba 1995 ilikataa tena, kwa asilimia 50.58 dhidi ya 49.42, tofauti isiyofika kura 55,000, huku zaidi ya watu tisa kwa kumi wakiwa wamejitokeza kupiga kura. Nimewahi kukaa na watu wawili walioupitia usiku huo wakiwa kambi tofauti, mume na mke. Walipofika kwenye hesabu walitazamana, mke akaenda kuongeza kahawa.

Sheria ya 101 unaiona kila kona. Kibao chekundu cha kusimamisha magari, ambacho Paris kimeandikwa STOP bila aibu, Montreal kimeandikwa ARRÊT. Kuku wa Kentucky huuzwa kwa herufi PFK. Kuna ofisi ya serikali, Office québécois de la langue française, iliyoanzishwa mwaka 1961, yenye wakaguzi wa kupima kama Kifaransa kinaonekana zaidi ya lugha nyingine kwenye ukuta wa duka. Na kwa kuwa ofisi hupenda kujiaibisha, mwaka 2013 mkaguzi mmoja aliuandikia mgahawa wa Kiitaliano akilalamika kwamba orodha yake ya vyakula ina neno “pasta”. Dunia nzima ilicheka, na mkuu wa ofisi akaachia ngazi.

Hata hivyo nilicheka kwa nusu mdomo. Kwetu Tanzania Baraza la Kiswahili la Taifa lipo tangu mwaka 1967, na mabango ya Samora Avenue yanauza viwanja, vyuo na krimu za ngozi kwa Kiingereza. Mtoto hufundishwa kwa Kiswahili miaka saba, kisha siku ya kwanza ya sekondari anageuziwa kibao. Ilibidi tusubiri mpaka mwaka 2021 kuandika kwenye sheria kwamba lugha ya mahakama ni Kiswahili. Tunakisifu Kiswahili kwenye hotuba na kukitengea posho ya mkalimani. Watu wa Quebec wameweka wakaguzi, faini na fedha za madarasa ya bure kwa wageni. Mtu anaweza kuchukia ukaguzi huo, lakini hawezi kusema wanatania.

Matunda ya Sheria ya 101 niliyaona kwenye duka la vyakula vya Afrika. Kibao chake kilikuwa cha Kifaransa kitupu, ndani kuna sombe iliyogandishwa, unga wa muhogo, mawese, na sambaza waliokaushwa. Mama mwenye duka aliponisikia nikizungumza na simu, alisubiri nimalize.

“Papa, uko mu-Tanzania?”

Nikamwambia ndiyo, mama, shikamoo. Akacheka mpaka akashika kaunta. “Kiswahili yako iko ya kitabu. Karibu. Huku baridi iko mingi, lakini watoto wanasoma.”

Alitoka Bukavu. Mwanawe, wa umri wa sekondari, alikuwa akipanga makatoni huku akizungumza na rafiki yake wa Kihaiti kwa Kifaransa cha mitaani cha Montreal, kilichojaa Kikrioli cha Haiti na Kiingereza. Mama alimwita kwa Kiswahili, yeye akajibu kwa Kifaransa. Mteja akaingia akaomba ndizi kwa Kiingereza, kijana akageuka akamhudumia kwa Kiingereza safi, akarudi kwenye makatoni. “Huyu iko na tatu,” mama akaniambia. “Mimi, Kiingereza hapana.”

Vijana wa aina yake wanaitwa hapa watoto wa 101: walisomeshwa Kifaransa kwa lazima, Kiingereza wakakiokota barabarani bila mwalimu, na lugha ya nyumbani wakaibakiza jikoni. Katika eneo la jiji zaidi ya nusu ya watu husema Kifaransa na Kiingereza vyote viwili, na sehemu kubwa ya wahamiaji na watoto wao wana ya tatu. Laurin alitaka kukitoa Kiingereza kwenye kiti cha mbele. Nadhani hakutarajia kijana wa Bukavu awe mmoja wa wale watakaokirithi Kifaransa chake.

Wala mama huyo hakufika Montreal kwa bahati. Quebec ina mamlaka ya kuchagua sehemu ya wahamiaji wake, yaliyokolezwa na makubaliano na Ottawa ya mwaka 1991, na Kifaransa humwongezea mwombaji alama. Ndiyo maana Mkenya au Mtanzania humkuta ndugu yake Toronto, lakini Montreal Kiswahili utakachokisikia kwenye basi la Côte-des-Neiges ni cha Bujumbura, Goma, Lubumbashi. Ukoloni wa Wabelgiji, uliowasomesha kwa Kifaransa, umegeuka kuwa tiketi. Mwenye Kiingereza peke yake ndiye mgeni anayehangaika: sheria mpya ya mwaka 2022, iitwayo ya 96, inasema mhamiaji akimaliza miezi sita serikali iwasiliane naye kwa Kifaransa tu, isipokuwa kwa mambo machache kama afya na usalama. Miezi sita! Mtu anayefanya kazi zamu ya usiku kwenye ghala hawezi kujifunza Kifaransa kwa miezi sita, na waliotunga sheria hiyo wanalijua hilo. Hapo fahari ya taifa inaanza kufanana na ule ubosi iliyokuja kuuondoa.

Wapo pia ambao ugomvi huu wa wakubwa wawili uliwapita juu ya vichwa. Bendera ya jiji ilikuwa na ua la Wafaransa, la Waingereza, la Waskoti na la Waayalandi. Ni mwaka 2017 tu, mji ukitimiza miaka 375, ulipoongezwa msonobari mweupe katikati kwa ajili ya wenyeji wa asili. Mwaka 2019 mtaa wa Amherst, uliokuwa na jina la jenerali wa Kiingereza aliyeunga mkono kuwapelekea wenyeji blanketi za ndui, ulipewa jina la Kimohawk, Atateken. Ng’ambo ya mto, katika jamii ya Kahnawake, kuna shule ambazo mtoto husoma kwa Kimohawk, na kibao chekundu cha barabarani hakisemi ARRÊT. Kimeandikwa TESTA’N.

Mpenda michezo asiondoke bila kwenda mashariki, kwenye uwanja wa Olimpiki wa mwaka 1976. Mnara wake wa mita 165 umeinama juu ya uwanja kwa namna inayomfanya mtu asogee pembeni. Deni lake lilimalizika kulipwa mwaka 2006, miaka 30 baadaye, na Kanada haikupata hata medali moja ya dhahabu kwenye michezo iliyoiandaa yenyewe. Mtanzania akisimama pale ana hesabu yake. Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1500 kwa dakika 3:32.16 huko Christchurch mwaka 1974, alitarajiwa kukutana tena na John Walker wa New Zealand. Bayi hakukimbia Montreal. Tanzania, Kenya na nchi nyingine nyingi za Afrika zilisusa kwa sababu New Zealand ilikuwa imepeleka timu ya ragbi Afrika Kusini, muda mfupi tu baada ya mauaji ya Soweto. Walker alishinda kwa dakika 3:39.17. Nilimweleza mwongoza watalii habari hii. Aliniambia kwa Kifaransa kwamba Wakebeki wanaelewa vizuri maana ya kukataa, kisha akairudia kwa Kiingereza kwa ajili ya wenzangu waliokuwa nyuma.

Ukitaka kwenda, achana na Januari isipokuwa una jambo la kuthibitisha. Nenda mwishoni mwa Juni. Tarehe 24, siku ya Mtakatifu Yohana Mbatizaji, ni sikukuu ya taifa la Quebec: bendera za buluu na nyeupe kila roshani, muziki bustanini, vijana wamejipaka rangi mashavuni. Wiki moja baadaye, tarehe 1 Julai, ni sikukuu ya Kanada, na hapo Montreal hutoa jibu lake. Watu wanahama nyumba. Mikataba mingi ya pango huisha siku hiyo, tangu serikali ilipousogeza msimu wa kuhama kutoka Mei hadi Julai miaka ya 1970 ili watoto wasikatizwe masomo, na makumi ya maelfu ya kaya hupanda na kushuka zile ngazi za chuma za nje, zilizopinda, ambazo ni alama ya mji.

Mimi nilikuwa mtaa wa Plateau, nimeshika ncha ya chini ya friji la jirani wa rafiki yangu. Lilikwama kwenye kona ya ngazi. Aliye juu akatukana kwa matusi ya Quebec, ambayo yote yametoka kanisani: tabernakulo, kalisi, hostia, kwa mpangilio ambao padri wa Kilema, kwetu Tanzania, hangeutambua. Mreno wa ghorofa ya chini akatoka na kutuelekeza kwa Kiingereza, tuinamishe, tusivute. Msichana wa Kilebanoni aliyekuwa akingoja nyumba hiyo hiyo iwe wazi, na lori lake la kukodi likihesabu saa, akasema kwa Kifaransa kwamba tulivute. Tukalivuta. Mlango wa friji ukabaki mkononi mwangu, na mabishano ya nani alikuwa sahihi yakaendelea mpaka piza ilipofika.